Deni la sheria ya tumbaku kwa mvutaji mkongwe

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza makadirio yake ya watu wanaovuta sigara za kielektroniki duniani kote: zaidi ya milioni 100, wakiwamo watoto wa miaka 13 hadi 15 wasiopungua milioni 15. Mwezi uliofuata nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku zilikutana Geneva, na bidhaa hizi mpya za nikotini zikawa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa sana. Kwetu Uganda, ambako sigara hizo, au vepu kama vijana wanavyoziita, zimepigwa marufuku tangu 2016, habari hizo zimesomwa kwa namna mbili, na zote mbili zimekosea. Wapo wanaosema: mmeona sasa, vepu ni sumu kuliko sigara yenyewe, sheria yetu iliona mbali, mjadala umekwisha. Na wapo, hasa wafanyabiashara na vijana wa mjini, wanaosema Uganda inawaua wavutaji wake kwa kuwanyima kifaa ambacho Uingereza inawagawia watu bure. Katika kelele hizo zote hatajwi mtu ambaye suala hili linamhusu kuliko yeyote: mzee wa miaka hamsini au sitini aliyeanza kuvuta akiwa kijana jeshini, kwenye malori ya masafa marefu au kwenye mashamba ya tumbaku ya West Nile na Bunyoro, ambaye leo anataka kuacha na hawezi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Vepu zenye nikotini kweli humsaidia mvutaji wa muda mrefu kuacha sigara, na anayekanusha hilo anakanusha ushahidi. Hata hivyo, haifuati kwamba Uganda iondoe katazo lake na kuziachia vepu soko. Kosa la nchi yetu liko kwingine: tulimfungia mvutaji mkongwe njia moja ya kutoka, kisha hatukumfungulia nyingine yoyote, ilhali njia hizo zipo, zinajulikana, na baadhi yake ni rahisi. Deni hilo ndilo lingepaswa kujadiliwa bungeni na katika Wizara ya Afya, kabla hatujafika kwenye swali la vepu.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi wanaoitaja hawajaisoma. Uganda iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilitiwa saini na Rais Septemba 2015 na kuanza kutumika Mei 2016. Ni miongoni mwa sheria kali zaidi barani Afrika. Hairuhusu kumuuzia tumbaku mtu wa chini ya miaka 21. Inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Inakataza sigara kuuzwa moja moja, inataka maonyo ya picha yafunike asilimia 65 ya pakiti, na inapiga marufuku kuingiza nchini, kutengeneza na kuuza shisha, tumbaku ya kutafuna au kuweka mdomoni, tumbaku yenye ladha, pamoja na vifaa vya kielektroniki vya nikotini. Kampuni ya British American Tobacco Uganda iliipinga mahakamani, na Mei 2019 Mahakama ya Katiba ikalitupa shauri hilo. Nakumbuka furaha ya siku ile miongoni mwa watu wa afya ya jamii, na ilikuwa furaha halali. Nchi maskini ilikuwa imeshinda kampuni tajiri ndani ya mahakama zake yenyewe.

Lakini mkataba ule ulioridhiwa 2007 una kifungu cha 14, na kifungu hicho hakikatazi chochote. Kinazitaka nchi wanachama ziwape watu walio na uraibu wa tumbaku msaada na tiba ya kutosha. Vifungu vya kukataza tumevitungia sheria na tukavitetea mahakamani kwa ujasiri. Hiki cha kutibu kimebaki nyuma. Ukiwa Kampala na una pesa utapata daktari wa kukushauri, na Hospitali ya Butabika ina kitengo cha waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Lakini mtu wa Moroto, wa Koboko au wa Kasese anayeamka asubuhi moja na kuamua kwamba ameshavuta vya kutosha, anakwenda wapi? Akifika kituo cha afya na kikohozi chake ataambiwa, kwa nia njema kabisa, "Mzee, acha sigara." Baada ya hapo anapewa dawa ya kikohozi na kurudi nyumbani.

Neno hilo "acha" linabeba dhana kwamba kuacha ni suala la nia tu. Tafiti zinasema vingine. Miongoni mwa wavutaji wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, wanaobaki bila sigara kwa miezi sita hadi mwaka mzima ni kati ya watu 3 na 5 katika kila 100. Wengine wote hurudi, wengi wao ndani ya wiki ya kwanza, wakati arosto inapokuwa kali: usingizi unakata, hasira inapanda kwa jambo dogo, mawazo hayatulii, mkono unatafuta pakiti mfukoni hata kama pakiti haipo. Nikotini huufikia ubongo ndani ya sekunde chache baada ya kuvuta moshi, na ubongo wa mtu aliyevuta kwa miaka thelathini umejipanga upya kuisubiri. Kumwambia mtu huyo kwamba hana nia ni kumwongezea aibu juu ya ugonjwa. Na aibu, nimeona mara nyingi, humfanya mtu avute kwa kujificha, lakini haimfanyi aache.

Lipo jambo moja la kisayansi ambalo bila kulielewa mjadala wa vepu hauwezi kwenda mbele. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu, lakini siyo inayomuua kwa sehemu kubwa. Mtafiti wa Uingereza, Michael Russell, alilieleza hilo tangu 1976: watu huvuta kwa ajili ya nikotini, ila wanachokufa nacho ni lami iliyomo kwenye moshi. Tumbaku inapoungua hutoa maelfu ya kemikali, takriban 70 kati yake zikijulikana kusababisha saratani, pamoja na gesi ya kaboni monoksidi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mapafu ya mvutaji, moyo wake na mishipa yake huharibiwa na moshi huo. Nikotini si kitu cha kuchezea; hupandisha mapigo ya moyo na presha, na haifai kwa mama mjamzito wala kwa ubongo wa kijana unaokua. Lakini kama mzee wa miaka 55 angeweza kuipata nikotini bila ule moshi, hatari yake ingeshuka sana. Wazo hilo ndilo lililozaa vibandiko vya nikotini vinavyobandikwa kwenye ngozi na chingamu za nikotini, na ndilo lililomsukuma mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kutengeneza kifaa kinachochemsha majimaji yenye nikotini badala ya kuchoma majani.

Je, kifaa hicho kinafanya kazi? Kundi la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti zote za suala moja na kuzipima kwa mizani kali, limekuwa likilichunguza swali hili kwa zaidi ya miaka kumi. Katika toleo lake la 2024 lilihitimisha kwa uhakika wa juu kwamba vepu zenye nikotini huwasaidia watu wengi zaidi kuacha sigara kuliko vibandiko na chingamu. Kwa hesabu zao, katika kila watu 100 wanaotumia vepu za nikotini kuacha sigara, huenda 8 hadi 10 wakafaulu. Kwa vibandiko na chingamu ni 6. Kwa ushauri tu au bila msaada ni 4. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2019, uliohusisha watu 886 waliokuja wenyewe kwenye huduma za kuacha sigara, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa dawa za nikotini za kawaida. Uswisi nako, mwaka 2024, watu 1,246 walifuatiliwa kwa miezi sita: asilimia 28.9 ya waliopewa vepu pamoja na ushauri waliacha sigara bila kuirudia katika miezi hiyo yote, na asilimia 16.3 ya waliopewa ushauri bila vepu.

Hizo ndizo takwimu ambazo wauzaji wa vepu hupenda kuzinukuu, na ni za kweli. Ila wanaishia katikati ya ukurasa. Katika utafiti ule wa Uingereza, wale walioacha sigara kwa msaada wa vepu walipoulizwa mwishoni mwa mwaka, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta vepu. Wa kundi la pili waliokuwa bado wanatumia dawa zao ni asilimia 9. Uswisi nako, ukihesabu watu ambao katika siku saba za mwisho tu walikuwa huru na nikotini ya aina yoyote, mambo yanageuka: asilimia 20.1 katika kundi la vepu na asilimia 33.7 katika kundi lililopewa ushauri. Vepu iliwatoa watu kwenye sigara lakini ikawaacha na nikotini. Kwangu mimi, kwa mzee aliyekuwa akivuta pakiti moja kila siku, huo bado ni ushindi mkubwa. Lakini anayeiuza vepu kama tiba inayomwacha mtu huru anasema lisilothibitishwa.

Jambo la pili linaloachwa ni kwamba hakuna hata mmoja katika tafiti hizo aliyepewa kifaa na kuachwa aende zake. Uingereza walipewa ushauri wa ana kwa ana kila wiki kwa muda usiopungua wiki nne, wakafundishwa namna ya kukitumia kifaa, na baadaye wakapimwa pumzi kuhakikisha kweli hawavuti. Majimaji yaliyotumika yalijulikana kiasi chake cha nikotini. Sheria za Ulaya haziruhusu kuzidi miligramu 20 kwa mililita. Hata mpango uliotangazwa na serikali ya Uingereza Aprili 2023, wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa vya kuanzia, uliambatanishwa na ushauri. Ukiondoa ushauri, vipimo na udhibiti wa majimaji, unachobaki nacho si kile kilichofanyiwa utafiti.

Linganisha hayo na vepu zinazopatikana Kampala. Huuzwa kwa siri, kwenye baa, kwenye maduka ya simu, kwa kuagizwa kwa WhatsApp na kuletwa na boda boda. Nyingi ni za kutupa, zenye ladha ya embe, tikitimaji na peremende, na baadhi huandikwa asilimia 5 ya nikotini, yaani miligramu 50 kwa mililita, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha Ulaya. Hakuna mkaguzi aliyepima kilichomo. Anayezinunua si yule mzee wa Koboko. Ni kijana wa chuo ambaye hajawahi kuvuta sigara. Marekani ilipita njia hiyo: mwaka 2019 asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu walisema wamevuta vepu ndani ya siku 30 zilizopita, na kampuni iliyoongoza soko hilo, Juul, ilikuwa imeuza asilimia 35 ya hisa zake kwa kampuni kubwa ya sigara, Altria. Kidonda hicho bado kinawauma.

Kuna mzee jirani yetu Arua, dereva mstaafu wa malori ya Juba, ambaye mwanawe alimletea kifaa cha aina hiyo kutoka Dubai. Kijana alifanya kwa mapenzi, hakuna wa kumlaumu. Baada ya muda nilimkuta mzee kibarazani, sigara mkononi na kile kifaa mfukoni mwa shati. Nilipomuuliza kama kimemsaidia alinijibu kwa upole: "Mwanangu, hiki ni cha ndani, mama yenu asisumbuke na moshi. Sigara ni ya nje."

Hilo ndilo hutokea mara nyingi mtu akipewa kifaa bila maelekezo: huongeza cha pili bila kuacha cha kwanza. Na hapa ipo dhana potofu nyingine ya kuvunja, kwamba kupunguza sigara kunatosha. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2018 katika jarida la British Medical Journal ulionyesha kwamba mtu anayevuta sigara moja tu kwa siku hubaki na karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo anayevuta ishirini. Moyo haupunguziwi mzigo kwa kadiri ile ile sigara zinavyopunguzwa. Mzee wetu amempunguzia mkewe moshi, na hilo ni jema, lakini moyo wake uko palepale. Angekuwa na muuguzi wa kumwambia, "Baba, kifaa hiki kina maana siku ile tu utakapoitupa sigara ya mwisho," pengine hadithi ingekuwa nyingine.

Turudi kwa hoja za pande mbili tulizoanza nazo, tuzipime. Upande wa katazo una hoja nzito: vijana wetu ni wengi kuliko wavutaji wetu wazee, mamlaka zetu za ukaguzi zina mikono michache, na bidhaa ikisharuhusiwa kuuzwa ni vigumu kuirudisha. Nazikubali zote tatu. Lakini upande huo huo una hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo husikika redioni zaidi: kwamba vepu ni mbaya kuliko sigara. Ushahidi wake ni vifo vya Marekani vya 2019, watu 68 waliokufa na zaidi ya 2,800 waliolazwa au kufa kwa ugonjwa wa ghafla wa mapafu hadi Februari 2020. Vifo vile vilitokea kweli. Uchunguzi ulipofanyika, hata hivyo, kilichohusishwa zaidi ni asetati ya vitamini E, mafuta yaliyokuwa yakichanganywa kwenye majimaji ya bangi yaliyouzwa kichochoroni. Ni onyo zito juu ya soko lisilokaguliwa, na soko letu la siri ni la aina hiyo. Lakini haithibitishi kwamba majimaji ya nikotini yaliyokaguliwa ni hatari kuliko sigara, bidhaa inayowaua hadi nusu ya watumiaji wake wasioacha. Kumwambia mvutaji mkongwe kwamba vepu ni mbaya kuliko sigara ni kumwambia, kwa maana nyingine, abaki na sigara. Daktari anayesema hivyo anafanya madhara, hata kama nia yake ni kuilinda sheria.

Upande wa kuruhusu nao una hoja yake nzito, ile ya tafiti niliyoieleza. Hoja yake dhaifu ni kwamba katazo halifanyi kazi, vepu zinauzwa tu, kwa hiyo liondolewe. Kwa mantiki hiyo turuhusu pia sigara kuuzwa moja moja, maana kila kibanda cha Kisenyi na kila steji ya boda boda inaziuza hivyo, kiberiti kikining'inia kwa kamba. Sheria inayovunjwa inahitaji kusimamiwa, na soko la siri, pamoja na ubaya wake wote, bado halina mabango barabarani wala udhamini wa tamasha. Kampuni za sigara zinalijua hilo. British American Tobacco leo inauza vepu ya Vuse katika nchi nyingi, na inapozungumza juu ya kupunguza madhara nasikia pia sauti ya mfanyabiashara anayetafuta wateja wapya. Sisemi kwamba kila anayetetea vepu ametumwa. Wapo madaktari waaminifu kabisa upande huo. Nasema kwamba nchi iliyoburuzwa mahakamani na tasnia hii ina haki ya kuwa na tahadhari.

Kati ya kukataza kabisa na kuachia soko ipo njia ya tatu, na Australia imeijaribu. Tangu Julai 2024 vepu nchini humo haziuzwi popote isipokuwa duka la dawa. Tangu Oktoba mwaka huo mtu mzima anaweza kuipata bila cheti cha daktari, lakini lazima azungumze na mfamasia, na kiwango cha nikotini kina kikomo. Hata huko soko la magendo halijaisha. Lakini msingi wake ni sahihi: kifaa kimewekwa mahali pa dawa, kwa mtu anayeacha sigara. Siku Uganda itakapofikiria kulegeza katazo lake, mlango pekee ninaoweza kuuunga mkono ni huo. Na hapo ndipo tunapogonga mwamba, kwa sababu hatuna huduma ya kuiweka ndani yake. Hakuna maana ya kujadili vepu ya kliniki katika nchi ambayo kliniki zenyewe bado hazina kibandiko.

Na vibandiko vipo duniani tangu zamani. Vibandiko na chingamu za nikotini viliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Vareniklini na bupropioni, vidonge vya kumsaidia mtu kuacha sigara, zikafuata 2021. Mwongozo wa kwanza wa shirika hilo kuhusu tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, uliotolewa Julai 2024, unapendekeza dawa hizo pamoja na nyingine ambayo Uganda ingepaswa kuiangalia kwa makini: sitisini. Hii hutokana na mbegu za mti wa laburnum, na nchi za Ulaya Mashariki zimeitumia tangu miaka ya 1960. Dozi yake ya kawaida ni siku 25 tu, na huko ilikotoka haikuwa dawa ya gharama kubwa. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa 2014, uliohusisha watu 1,310 waliopiga simu kuomba msaada, ulikuta kwamba baada ya miezi sita asilimia 22 ya waliotumia sitisini walikuwa hawajarudi kwenye sigara, dhidi ya asilimia 15 ya waliotumia dawa za nikotini. Kichefuchefu na matatizo ya usingizi vilikuwa vingi zaidi kwao, hilo lazima lisemwe. Lakini hapa tuna kidonge cha chini ya mwezi mmoja, kisicho na ladha ya embe, kisichovutia mtoto wa shule, kisicho na haja ya chaji wala majimaji. Katazo la vepu halikigusi kabisa.

Nitaambiwa kwamba wavutaji wa Uganda ni wachache na fedha ni kidogo. Ni kweli kwamba utafiti wa kitaifa wa 2013 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni asilimia 7.9 ya watu wazima, kiwango cha chini ukilinganisha na nchi nyingi, ingawa kwa wanaume kilikuwa asilimia 11.6. Malaria inaua, akina mama wanakufa wakijifungua, na hakuna waziri mwenye bajeti ya kutosha. Lakini uchache huo unanifanya nione kazi hii inawezekana. Aidha, wavutaji hao tayari wanapita katika vituo vyetu. Sigara huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu, ya ugonjwa huo kurudi, na ya kufa nao. Mgonjwa wa kifua kikuu anatibiwa kwa miezi sita na anaonwa mara kwa mara, na rekodi zake zinatunzwa. Mtu anayeishi na VVU anafuata dawa zake kliniki mwaka baada ya mwaka. Utafiti wa Denmark wa 2013 ulikuta kwamba, kwa watu wenye VVU wanaopata matibabu mazuri, sigara iliwanyang'anya miaka mingi ya maisha kuliko virusi vyenyewe: zaidi ya 12 kwa sigara, karibu 5 kwa VVU. Nchi hii imetumia jasho na fedha za dunia nzima kumwokoa mtu huyo na VVU. Kumwacha afe kwa sigara ilhali tunamwona kila anapokuja kuchukua dawa ni jambo ambalo siwezi kulielewa.

Kwa hiyo kazi inaweza kuanza bila jengo jipya hata moja: swali moja kwenye kadi ya mgonjwa wa kifua kikuu na wa VVU, unavuta au huvuti; muuguzi aliyefunzwa kumpa dakika tano za ushauri na tarehe ya kuacha; sitisini au kibandiko kwenye kabati la dawa la kituo cha afya cha ngazi ya tatu na ya nne; na mhudumu wa afya wa kijiji kumpitia mtu nyumbani katika zile wiki mbili za mwanzo ambazo wengi huanguka. Makerere ina Shule ya Afya ya Umma yenye watafiti waliobobea katika tumbaku; wao wangefuatilia nani kaacha na nani karudi. Katika miaka michache tungekuwa na takwimu za Waganda wenyewe, na Bunge likija kuulizwa tena kuhusu vepu lingekuwa na cha kulinganisha nacho. Ikionekana kwamba wapo waliojaribu dawa zote wakashindwa, na naamini watakuwapo, hapo hoja ya kuwapa hao vepu kupitia mfamasia itakuwa na miguu ya kusimamia.

Haya hayawezi kusubiri kwa kisingizio kwamba mtu wa miaka sitini ameshachelewa. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50, kuanzia 1951 hadi 2001, walitupa jibu: mvutaji wa maisha yote alikufa takriban miaka 10 kabla ya asiyevuta, lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia takriban miaka 3, aliyeacha akiwa na 50 takriban 6, na aliyeacha akiwa na 40 takriban 9. Miaka mitatu, kwa babu mwenye wajukuu, si kitu kidogo.

Na kwa wauguzi na madaktari nina ombi ambalo halihitaji bajeti. Atakuja kwenu mtu ambaye mwanawe alimletea vepu kutoka nje, na ambaye kwa kweli ameacha sigara. Msimtishe, wala msimtangazie sheria mbele ya foleni. Mwulizeni lini alivuta sigara ya mwisho, mwambieni asiguse sigara tena hata moja, mwelezeni kwamba majimaji yale hayajakaguliwa na hamjui kilichomo, kisha mpange naye namna ya kuishusha nikotini hiyo taratibu, kwa kibandiko kama kitapatikana, hadi aiache na yenyewe. Akitoka hapo kwa aibu atarudi kwenye kibanda cha karibu kununua sigara moja, na mwenye kibanda hatamuuliza lolote.